Vyumba Vilivyongoja Desemba

Nimefanya mambo mengi ya hovyo maishani, lakini kuna mistari michache ya programu ambayo nikiikumbuka hadi leo nasikia kichefuchefu. Niliiandika mwenyewe, na akili zangu timamu, katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya kahawa hapa Moshi mjini. Kuta zilikuwa bado zinanuka magunia. Panya walikojoa nyuma ya seva, na nyaya zilinata ukizishika. Naieleza mistari hiyo kwa sababu sikuielewa mpaka siku nilipoona mama yangu alikuwa analala wapi.

Ofisi ilikuwa na seva moja tu. Tuliigawa kwa programu ikawa kama mashine nne, kila moja ikijiona inajitegemea: moja ya shule ya sekondari, moja ya zahanati ya masista huko juu mlimani, moja ya kampuni ya kupandisha watalii, na ya nne yetu wenyewe. Kila mashine iliamini ina kadi yake ya mtandao. Kadi hiyo haikuwepo. Iliyoifanya ionekane ipo ni draiva, programu ndogo inayopokea pakiti za data zikiingia na kuzikabidhi kwa mashine. Draiva hiyo niliitengeneza upya mimi, na nilitamba nayo sana.

Pakiti haibishi hodi ikasubiri. Ikifika lazima ikute nafasi imeshatengwa kwenye kumbukumbu ya mashine, wenyewe tunaiita bafa; isipoikuta, inatupwa. Nikakaa nikaziwaza picha za watalii wakiwa kileleni, zinavyoingia kwa mafungu makubwa makubwa, nikaona itakuwa aibu mgeni mkubwa aje akose pa kukaa. Basi kila nafasi nikaipima kwa ile pakiti kubwa kuliko zote zinazoweza kuja. Kumbukumbu hugawanywa kwa vipande vidogo vinavyoitwa kurasa, na kila nafasi yangu ilichukua kurasa kumi na saba. Ikija pakiti ndogo kutoka zahanati, ya kusema tu kwamba ujumbe umefika, nayo inapewa kurasa zote kumi na saba ikae peke yake, na haruhusiwi mwingine kusogea. Ndivyo nilivyoandika, na nilijiona fundi.

Ulipofika msimu wa watalii, Julai, mashine ya watalii ikameza kumbukumbu ya seva nzima, na ile ya zahanati ikaanza kuishiwa. Nafasi mpya haikupatikana, pakiti zikawa zinamwagwa. Majibu ya vipimo yaliyotakiwa kufika mjini asubuhi yakawa yanafika jioni, au yasifike kabisa. Sista mmoja akashuka mwenyewe na karatasi mkononi, matope hadi kwenye magoti, akauliza kwa upole kama kuna tatizo. Nikamwambia ni laini ya simu. Bosi wangu aliyekuwa amesimama pale akatikisa kichwa kukubali, na sista alipoondoka akaniambia, "Wewe zima, washa." Nikawa nazima na kuwasha mara tatu kwa siku.

Jumapili nikapanda kijijini Kibosho kumwona mama. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayerithi kihamba cha baba, yaani shamba la migomba na kahawa pamoja na nyumba, na mama yumo humo humo, ni wa kwake kumtunza. Kaka zangu watatu wako Dar. Tulikuwa tumejenga nyumba kubwa pale kihambani, vyumba sita, bati la rangi, vigae hadi barazani, kwa ajili ya Desemba, tunapopanda wote na wake na watoto na wageni wetu. Mwezi wa kwanza ukifika tunafunga. Funguo nilikaa nazo mimi, nyumbani kwangu mtaa wa Rau mjini, kwenye droo ya kabati la vyombo.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Nikamkuta mama jikoni, yaani ile nyumba ya zamani ya mbao na udongo, na mbuzi wamefungwa upande wa pili wa moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akakohoa mpaka akashika nguzo.

Harufu ya mikojo ya mbuzi na moshi ilinipiga usoni. Nilikuwa naijua tangu utotoni, lakini siku ile niliona kinyaa, kwa sababu niliona godoro. Lilikuwa jembamba, limelowa upande mmoja, limetandikwa juu ya magunia hatua mbili kutoka kwenye kinyesi. Nikamuuliza tangu lini analala pale. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Tangu mjenge. Kwani nilale wapi?"

"Si kuna nyumba?"

"Ile ni ya wageni. Desemba mtakuja."

Nikarudi mjini mbio nikachukua funguo, nikapanda tena jioni ile ile. Nikafungua chumba kikubwa. Godoro lilikuwa bado na nailoni yake ya dukani, na ndani ya nailoni ukungu mweusi. Panya alikuwa amefia chini ya kitanda akakauka. Chumba cha pili hivyo hivyo, na cha tatu. Nilitoka barazani nikatapika kwenye maua tuliyoyapanda ili yapendeze kwenye picha.

Nilipofagia ndipo ile draiva ilipokuja kichwani, na mimi sikuwa nikiiwaza hata kidogo. Nafasi kubwa, imefungwa, inamngoja mkubwa, na mdogo aliyepo kila siku anamwagwa nje. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono ule ule uliofunga makufuli. Mama nikamhamishia chumba kikubwa, nikamgeuzia godoro lake upande mkavu, nikamtandikia blanketi mbili, na Jumatatu nikaingia ofisini bila hata kunywa chai.

Marekebisho hayakunichukua wiki. Niliacha kutenga kurasa kumi na saba. Nikawa natenga ukurasa mmoja mmoja. Pakiti ndogo inachukua mmoja na kutosheka. Ikija kubwa, inachukua kurasa kadiri ya ukubwa wake, na draiva inaziunga mwisho wa safari zikawa kitu kimoja. Hakuna anayefungiwa chumba kwa ajili ya mtu ambaye hajafika. Kumbukumbu ikarudi, majibu ya zahanati yakawa yanafika kabla sista hajamaliza kunawa mikono. Bosi akanisifu mbele ya watu. Mama naye kikohozi kikapungua, akaanza hata kunitania kwamba usingizi wa vigae una baridi ya kizungu.

Desemba kaka mkubwa akawa wa kwanza kufika. Akaingia chumba kikubwa akatoka ameziba pua.

"Dogo, humu mnafuga mbuzi? Wakwe zangu wanafika kesho."

Kwenye kiti kulikuwa na khanga za mama, zinanuka moshi kwa sababu kupika alikuwa bado anapika kule. Chini ya kitanda alikuwa ameweka ndizi za kuivisha, kwa kuwa kule jikoni mbuzi wangezila. Mama alikuwa amesimama mlangoni anasikia kila neno. Nilikuwa na mdomo na nilikuwa na haki. Kihamba ni changu, mama ni wangu. Kaka akashika ncha moja ya godoro la mama, akaningoja. Nikashika nyingine. Tukalibeba hadi jikoni, na mama akatangulia kutufungulia mlango, akawasogeza mbuzi ili tupate pa kuliweka.

Januari walipoondoka nilikata jani la sale, nikalifunga fundo, nikamletea kwa mikono miwili. Kwetu ukiletewa jani hilo huwezi kukataa kusamehe, na mama hakukataa. Akalipokea, akapokea na ufunguo wa chumba kikubwa niliompa uwe wake. Akavitundika vyote viwili kwenye msumari mmoja juu ya moto, akanipakulia mtori wa ndizi. Hakulala tena kwenye ile nyumba. Kila nilipomsihi alisema nimwache, amezoea, na nikashuka kwenda kuangalia seva yangu ambayo haikukwama tena hata siku moja.

Ufunguo ule niliutoa msumarini mwenyewe, mweusi kwa masizi, siku kaka zangu walipopanda kumzika mama. Walihitaji pa kulala.