Kuhama Depo Inayovuja

Siku moja ya soko kule Kabambare naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Mwanangu, usicheke. Siku ya harusi wengine walinipamba. Siku ile ya soko nilijiaibisha mwenyewe, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilikuwa mke mpya, nimetoka upande wa Kasongo, sina shamba kubwa wala jina. Mjomba wangu Ngongo alikuwa na depo, ghala la kuwekea mizigo, karibu na soko, kuta za udongo, juu manjanja ya zamani, mabati yaliyoshika kutu. Akanikodishia depo nzima, nami nikaikata vipande: kona hii ya fulani, kona ile ya fulani. Wanawake walikuja kwa miguu toka Wamaza na vijiji vingine, mpunga na karanga kichwani. Kisichouzwa hawakutaka kukirudisha njia yote ile, basi wakakiacha kwangu. Kila mmoja alifunga mdomo wa gunia lake kwa kipande cha kitenge chake, lisichanganyike na la mwenzake. Ilikuwa kazi nzuri, na watu walinipenda.

Ila ufunguo ulikaa kwa Mjomba. Alitaka hivyo, nami sikubisha, maana ndiye aliyenishika mkono nilipokuwa si kitu. Miezi ya kwanza alifika mlangoni kabla yangu. Baadaye akaanza kwenda matanga, kwenda shamba, kwenda kunywa, ufunguo uko mfukoni. Wanawake wanasimama mbele ya kufuli, wanunuzi wanapakia mpunga wa wengine wanaondoka. Nami nasema, "Anakuja, iko njiani." Njia gani, sikujua.

Basi kulikuwa na mjane wa Wamaza, Mama Kashindi. Yeye aliniletea mbegu. Si mpunga wa kula, mbegu ya kupanda. Nyumba yake ilikuwa imeungua upande mmoja, akaona kwangu ni salama. Mvua za kupanda zilipoanza akaja kuchukua. Akakuta kufuli. Nikamwambia kesho. Akalala kwa shemeji yake, akarudi. Nikamwambia kesho. Siku ya tatu aliketi karibu na moto wangu, akanisaidia kuchambua sombe, majani ya mihogo, nikamwambia kesho, naye akaitika, "Haya, mama," kwa sababu aliniamini.

Siku ya nne, siku ya soko, Mjomba akatokea. Mlango ukafunguliwa. Tundu la bati lilikuwa sawasawa juu ya gunia lake. Mama Kashindi alifungua kile kitambaa akaona mbegu zimechipuka, mizizi myeupe imeshikana kama nywele. Hakupiga kelele. Alikifunga tena kitambaa chake, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto.

Mama mkwe wangu, mwanamke mkali hata kunishinda mimi, aliniita jikoni.

"Nani alimuambia kesho?"

"Mama, Mjomba njo alikuwa na ufunguo."

"Siulize ufunguo. Nauliza mudomo. Mudomo ya nani ilisema kesho?"

"Ni mimi, mama."

"Ule mama hamujui Ngongo. Hata sura yake hamujui. Ni weye alikuletea mbegu. Ngongo anaharibu, weye unafunika. Sasa leta mbegu yako."

"Yangu, mama?"

"Ya nani tena? Ya jirani?"

Nilimpa Mama Kashindi mbegu zangu zote. Mwaka ule mimi nilipanda mihogo.

Miaka imepita mingi, nilidhani habari hiyo imelala. Aliyeiamsha ni mjukuu wangu Feza, anayeniita Koko, ninayeishi naye hapa Kasongo, na amekubali niiseme yake pia ili wengine wajifunze. Feza anatengenezea watu tovuti, yaani mahali pa mtu ndani ya mtandao, ambapo hata aliye Kindu au Ulaya anafungua simu na kusoma. Shule iko nayo, kwaya ya parokia iko nayo, chama cha wakulima wa mpunga, mshonaji mmoja. Nilifikiri vitu hivyo vinaelea hewani. Kumbe vinakaa ndani ya mashine kubwa, mbali sana, ambayo haitakiwi kuzimika. Feza hana mashine hiyo. Ananunua nafasi kwa jumla kwa kampuni moja, anaikata vipande, anawakodisha watu wa hapa.

Aliponieleza nilicheka mpaka kitenge kikanilegea. Nikamwambia, "Mutoto, hiyo ni depo!"

Lakini siku Mama Prefe alipokuja nyumbani sikucheka. Mama Prefe ndiye mkubwa wa shule ya wasichana. Ilikuwa wakati wa kuandikisha watoto, na wazazi wa vijijini walikuwa wameambiwa waangalie mambo yote kwenye tovuti ya shule. Aliingia bila kuvua viatu, mwanamke mwenye adabu zake zote.

"Feza! Wazazi wanapanda mulima kutafuta rezo ya simu. Wanaipata rezo. Wanafungua shule yangu, wanakuta kitu nyeupe! Nimeambiwa shule imefungwa. Nimeambiwa nimekufa!"

"Pole, Mama Prefe. Mashine iko na shida. Kesho itafunguka."

"Huyu Kesho ni ndugu yako? Ni wiki ya pili anatembea, hafike."

Nilikuwa na ungo mapajani, nachagua mchele. Neno lile lilinigonga kifuani. Mama Prefe akasema bila kupandisha sauti tena, na hapo ndipo nilipoogopa: "Orodha ya wasichana waliopokelewa itatoka wiki mbili zijazo. Siku ile mulango ikiwa imefungwa, nachukua vitu vyangu. Na wengine watanifuata, unajua."

Ni kweli wangemfuata. Mji huu wote unamsikiliza yule mama. Feza angebaki na kompyuta yake na jina la mwongo.

Alipotoka nikamuuliza Feza, "Ulijua itafunguka kesho?"

"Koko, wale wa kampuni wananiambia hivyo kila siku."

"Weye ulijua?"

Akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka. Mwanangu, mimi ni mkali, lakini machozi ya mtu anayefanya kazi siyadharau. Nikaweka ungo chini, nikamuuliza kwa nini hahami. Nilifikiri ataniambia ni aibu, kama yangu kwa Mjomba. Yake ilikuwa hofu. Siku moja alijaribu kuhamisha tovuti ya kwaya, picha zote za Pasaka zikapotea, mwalimu wa kwaya hakumsalimia mwezi mzima. Tangu hapo anaogopa kugusa. Anakaa ndani ya nyumba inayovuja kwa sababu anaogopa kubeba vyombo.

Ndipo nikamsimulia habari ya mbegu, na jinsi tulivyohama ile depo, maana mama mkwe hakunigombeza tu akaniacha. Alinifundisha.

Kwanza aliniambia nisitafute depo mpya siku ya jua. Siku ya jua kila depo ni nzuri. Tulikwenda mvua ikinyesha, kwa mjane mmoja Mwislamu, Mama Zaina, tukasimama ndani ya depo yake tukiangalia juu. Mama mkwe akagonga mlango wake tena siku nyingine, saa ya chakula, saa mbaya, aone kama atafungua. Akawauliza wanawake waliokuwa na magunia pale, si Mama Zaina mwenyewe. Kisha nikaweka gunia moja, langu, si la mtu, likakaa pale siku mbili za soko.

Feza akafuta macho akaanza kuandika. Akaziandikia kampuni tatu, Jumapili, akizitupia swali gumu kidogo. Moja haikujibu. Moja ilimjibu maneno ya mashine, asante kwa kutuandikia, basi. Ya tatu mtu alijibu siku ileile, kwa jina lake, na alichojibu kilikuwa ndicho alichoulizwa. Feza akatafuta watu wanaokodi nafasi kwa hiyo kampuni, akapata mmoja Bukavu, akamuuliza: ikiharibika, wanakuambia ukweli? Yule akasema, "Imeharibika mara moja. Waliniambia kabla sijawauliza." Feza akakodi nafasi ndogo, akaweka ukurasa wake mwenyewe wa kujifunza, akamwomba binamu yake kule Kabambare, ambako rezo ni ya kubembeleza, aufungue kila siku.

Huku nikamtuma kwa wateja. Alikataa. Nikasema nitaenda mwenyewe na fimbo yangu. Akaenda. Kwa kila mmoja alisema: mashine inaharibika, sijui itapona lini, nilifanya kosa kusema itapona kesho, nataka kuwahamisha, na hivi ndivyo nitakavyofanya. Mshonaji alimfukuza, akaondoka kabisa. Wengine walinung'unika wakakubali. Mwalimu wa kwaya alimuuliza, "Na Pasaka yangu?" Feza akamwomba radhi, akamwambia ataanza na picha zake zilizobaki, naye mwenyewe aje kuziangalia.

Ile mashine ya zamani ilipoamka mchana mmoja, Feza alichukua nakala ya kila kitu, akaiweka pia kwenye kidude kidogo ninachokifungia ndani ya sanduku la vitenge vyangu. Akaanza na kwaya. Mwalimu mwenyewe akaja kufungua simu yake, akaangalia picha zile zilizobaki, moja moja, akakohoa akasema, "Ziko." Kisha chama cha mpunga. Kisha shule.

Jioni moja akaniambia, "Koko, yote imetoka. Naenda kufunga kule kwa zamani."

"Taja."

"Nini?"

"Taja vitu vya shule, kimoja kimoja, kwa mdomo. Mimi magunia nilikuwa nayataja kwa kitambaa."

Akavuta pumzi kama vijana wanavyovuta mbele ya wazee, akahesabu vidole. Kurasa. Picha. Fomu. Majina ya walimu. Kidole cha tano kikabaki hewani.

"Mama yangu," akasema. "Barua."

Barua za wazazi kwa shule, zinazofika kwa mtandao, zote zilikuwa bado ndani ya mashine ya zamani. Angefunga mlango ule, zingekwenda. Hakukawia: akazitoa, akaziweka kwa mpya, Mama Prefe akazisoma akaziona. Na hata hapo sikumwacha afunge. Tulipohama kwa Mjomba, wanawake ambao hawakusikia habari walikwenda mlango wa zamani, na mama mkwe alinikalisha pale mlangoni soko mbili nzima, nikiwaonyesha njia. Feza akasema hata kwenye mtandao ni hivyo: jina la tovuti linachukua siku moja, mbili, mpaka simu zote zijue limehamia wapi, na siku hizo vitu vinapaswa kuwa pande zote mbili. Nikasema basi kaa mlangoni.

Siku ya orodha Feza hakuweza kula. Mama Prefe alikuja akaketi kwenye kiti changu bila kuambiwa, simu mkononi. Ikalia. Alikuwa baba mmoja wa Wamaza, yuko juu ya mlima, upepo unapiga.

"Mama Prefe! Iko wazi! Nimeona jina ya mutoto yangu! Ni ya sita!"

"Haya, baba. Mulete na daftari zake."

Akakata simu. Akamgeukia Feza.

"Na ule ndugu yako Kesho?"

"Tulimuacha kwa depo ya zamani, Mama Prefe."

Alicheka. Mimi pia. Feza alilia tena, lakini chakula alikula.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe unayekodisha vitu vya mtu mwingine kwa watu wako, iwe nafasi ya mashine, iwe piki, iwe chumba. Anayekupa wewe kitu chake hamjui aliye nyuma yako. Kama aliye nyuma yako haaminiki, ondoka, hata kama ni mjomba, hata kama ndiye aliyekuanzisha. Ondoka kwa adabu. Mjomba alinikasirikia, akasema nimemvua nguo mbele ya soko. Nilipiga magoti nikamwambia heshima yake iko palepale, ila mbegu za watu siweki tena chini ya lile tundu. Tulisalimiana mpaka alipofariki. Usiahidi siku usiyoijua. Sema sijui, na useme unafanya nini. Hama ukiwa umejaribu, anza na cha kwako, chukua nakala, taja kila gunia, na usifunge mlango wa zamani kabla mwenye kitu hajafungua kitambaa chake akaona. Utapoteza mmoja au wawili, kama mshonaji wetu. Vumilia.

Wengine watarudi. Msimu uliofuata nilikuwa mlangoni kwa Mama Zaina, nikamwona Mama Kashindi anakuja na njia ya Wamaza, mzigo kichwani. Hakuongea habari za mwaka uliopita. Aliteremsha gunia la mbegu, akatoa kitambaa chake kilekile, akanipa mimi nilifunge.

Mungu akupe watu wa kukukabidhi mbegu zao, mwanangu. Akupe paa zima juu yazo na ufunguo mkononi mwako. Na siku mdomo wako utakapotaka kusema kesho, akupe mama mkwe kama wangu.