Jicho la Mwanabaraka Halifichwi

Saa tatu asubuhi, Kinondoni. Mwanabaraka anainua ukope wa jicho lake la kulia kwa kidole kimoja, na kwa mkono mwingine anamchora wanja binti anayejaribiwa mapambo ya harusi. Mstari unatoka umenyooka. Akiondoa kidole, ukope unashuka tena na nusu ya mboni inazama.

Kwenye benchi, mama wa binti, Bi Zubeda, anashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, si uvae hata miwani? Watu wanasema umepata kiharusi."

"Wengine wanasema nimerogwa, mama. Mie nawaambia nimechomwa sindano, tena kwa hiari yangu."

Mwanabaraka ana miaka 38 na watoto watatu. Amepamba maharusi kwa miaka kumi na minne, na sharti lake ni moja: hakuna kitu kinachogusa uso wa bibi harusi kabla hakijagusa wake. Poda, krimu, gundi ya kope za bandia, vyote huanzia kwake.

Ndiyo maana mwezi uliopita, mwanamke anayejiita daktari alipotaka kukodi kiti cha nyuma cha saluni yake ili achome wateja sindano za kulainisha mikunjo ya uso, Mwanabaraka alimjibu, "Anza na mie."

Mgeni alikuwa na koti jeupe, glavu na maneno matamu. Cheti hakuonyesha. Dawa ilikuwa kwenye kichupa kisicho na lebo, kimelala kwenye friji ya duka la jirani katikati ya soda.

"Hapo ndipo nilipoteleza," anasema. "Krimu ikikuwasha unanawa. Sindano utainawa na nini?"

Siku ya tano baada ya sindano aliamka ukope umelala. Mumewe Twaha, fundi seremala wa Chang'ombe, alijaribu kumchekesha: "Mama watoto, leo unanikonyeza tangu asubuhi, kulikoni?" Mwanabaraka alicheka, kisha akaenda kulia bafuni watoto wasimsikie.

Hospitalini, Dk. Atuganile alimweleza kuwa dawa ilisambaa hadi kwenye msuli unaoinua ukope. Mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe baada ya wiki kadhaa au miezi michache, nguvu ya dawa ikipungua. Ila akishindwa kumeza, kuongea au kupumua vizuri, akimbizwe hospitali saa ileile.

"Dawa hizi zina kazi yake mikononi mwa mtaalamu mwenye leseni," anasema daktari huyo. "Naye atakuuliza kwanza: una ujauzito, unanyonyesha, una ugonjwa wa misuli au neva? Asiyekuuliza, inuka uondoke."

Jicho lile limemgharimu. Kati ya maharusi sita waliomwekea nafasi msimu huu, wanne wamehamia kwingine, na kila mmoja angemlipa laki mbili.

Wiki iliyopita yule wa koti jeupe alirudi. Alimtaka ajifungie ndani mpaka apone, asimharibie soko. Akaahidi kumlipia kodi ya chumba cha saluni.

"Nikamwambia, dada, mlango huo hapo. Uso wangu, mdomo wangu. Ukirudi na hako kachupa namwita mjumbe wa mtaa, halafu polisi."

Bi Zubeda anakohoa. Anakiri kuwa naye alikuwa ameshaomba miadi kwa mwanamke huyohuyo, achomwe kabla ya harusi ya Ijumaa.

"Mikunjo yote hii si itaonekana kwenye video?"

"Ionekane," anasema Mwanabaraka. "Umeipata kwa kumlea huyu."

Binti, macho yamefumbwa wanja ukauke, anadakia: "Mama, mie nataka ukicheka niione."

Bi Zubeda anatoa simu kwenye mkoba, anaandika ujumbe mfupi, anautuma. "Haya, nimeshaghairi. Na mie nipake hiyo poda."

Ukope wa Mwanabaraka umeanza kupanda kidogokidogo. Dk. Atuganile anakadiria kuwa miezi miwili ijayo huenda ukawa umerudi mahali pake. Habari hiyo njema imemtia haraka. Kila Jumanne, siku ambayo saluni hazina watu, anapita mlango kwa mlango, anakaa kwenye kiti cha mteja na kuwataka wenzake wamtazame usoni anapowasimulia ya sindano. Amefikia saluni kumi na moja. Jumanne ijayo anavuka kwenda Temeke. Lengo lake ni hamsini.

"Namwomba Mungu anirudishie jicho langu," anasema, "ila asifanye haraka sana. Nikishapona, nani ataniamini?"