Sebule ya Salvatory

Salvatory alikuja Guangzhou, China, kununua mashati, akaishia kuchora. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ukuta wa mgahawa wa Mama Leokadia, mtaa wa Dengfeng: wanawake wanapalilia mahindi, migongo imeinama, jua kali. Wateja walikula ugali huku wakitazama kazi waliyoikimbia kwao. Wengine walihama meza.

Mwaka 2009 misako ya pasipoti ikakazwa. Asiye na viza hakutoka, na mgahawa ukabaki na wanawake wa ukutani. Viza ya Salvatory nayo ilikuwa imekwisha, akahamia chumbani kwetu: vitanda vya deka, nguo mbichi zinaning'inia juu ya vichwa. Humo akaokota kalenda ya zamani yenye picha za mchoraji mmoja wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa. Nusu ya kwanza ya mwaka, wakulima na matope yao. Kuanzia Julai, mabibi wa hariri sebuleni, na paka.

"Unaona? Hata huyu alichoka na jembe."

"Alichoka au alipata wateja?" nikamuuliza.

"Ndiyo kuchoka kwenyewe."

Akachora sebule kwenye shuka kubwa: makochi mekundu, taa ya shaba, mapazia mpaka chini, paka. Aliyetaka picha ya kutuma nyumbani alisimama mbele ya shuka, tukampiga picha. Jengo zima likatajirika bila mtu kutoka ndani.

Kissa, msichana wa ghorofa ya juu, alituma yake kwa Didas, mchumba wake aliyeko Tukuyu. Calvin wa chumbani kwetu, naye wa Tukuyu, akatuma yake. Picha zote mbili zikakutana nje ya kanisa, mkononi mwa shangazi yake Didas. Makochi yale yale. Paka yule yule, kalala vile vile. Didas akapiga simu.

"Kissa, unaishi na Calvin?"

"Siishi naye!"

"Basi hiyo nyumba ni ya nani? Nisimamishe tangazo la ndoa?"

Kueleza shuka ni kueleza viza iliyokwisha, na kwao walijua Kissa ana duka. Kissa akakata simu.

"Usilie, mdogo wangu," Salvatory akamwambia. "Nitakuchorea makochi ya kijani."

"Kaka Salva, hebu lete hilo shuka juu, chumbani kwetu wasichana. Lishike. Livute pembeni. Zaidi."

Kissa akasimama katikati ya chumba chao. Kushoto kwake sebule, kulia vitanda vya deka, mabegi ya mzigo na sidiria za watu kwenye kamba. Nikapiga picha. Mimi nilikuwa bado na viza, nikaenda intaneti kafe kumtumia Didas.

"Umeikata taa yangu," Salvatory akanilaumu.

Didas alipopiga tena, Kissa aliweka spika. Ghorofa nzima ikajazana mlangoni.

"Kitanda chako ni kipi?"

"Cha juu."

"Huanguki?"

"Nilianguka mara moja."

"Tangazo litasomwa Jumapili," Didas akasema. "Ila uhamie cha chini."

Njoki, mwenye kitanda cha chini, akasema yeye hahami kwa sababu ya harusi ya mtu.