Jumamosi za Mutisya

Tangu astaafu kutoka kiwanda cha nguo mjini Thika, Mutisya alikuwa akitoka kila Jumamosi asubuhi, viatu vimeng'arishwa, na kurudi jioni bila kusema alikokuwa. Mashine za kiwandani zilimharibia masikio. Chumbani kwao katika mtaa wa Kiandutu, kati ya redio za majirani na mafundi wa kuchomelea vyuma, mkewe Nzisa alilazimika kupiga kelele hata akimkaribisha chai. Mwishowe alichoka. Wakawa hawaongei sana.

"Huyo mzee ana mtu," jirani yake Beth alimwambia. "Viatu havipigwi rangi bure."

Jumamosi iliyofuata Nzisa akamfuata. Alimwona akishuka matatu Juja, akashika barabara ya vumbi ya kwenda Kalimoni, akapita mashamba ya mahindi mpaka kwenye kanisa kubwa la mawe, la zamani za wamishonari. Nzisa alisimama nje kwanza, akakaza leso kiunoni, tayari kwa ugomvi.

Ndani hakukuwa na mwanamke. Mutisya alikuwa ameketi peke yake, kofia magotini, akitazama dari ya mbao na madirisha ya vioo vya rangi. Begani pake palikuwa na mwanga mwekundu. Nzisa alikaa kando yake.

"Baba Muli," alisema kwa sauti ya chini, maana ni kanisani. "Kumbe ni huku unakuja?"

"Huku, na lile la Ruiru kwenye mashamba ya kahawa. Ukuta ni mnene, kelele zinabaki nje." Kisha akageuka ghafla. "Mama Muli! Nimekusikia."

"Na sijapiga kelele."

"Si ndiyo nasema!"

Nzisa alitaka kumweleza kilichomleta, akaona haya. Badala yake alimwambia goti linamsumbua, na kwamba binti yao Wayua amepata mchumba na anaogopa kumwambia baba yake.

"Mchumba gani?" Mutisya aliuliza, na hapo maneno yakafunguka. Waliongea mpaka mwanamke wa kufagia akawaomba wainue miguu.

Siku hizi wanaenda wawili, na thamosi ya chai. Mwezi uliopita walifika kanisa moja kuukuu upande wa Gatundu, wakakuta limefungwa. Waliketi ngazini, mahali patulivu mbali na barabara, wakanywa chai, wakibishana kuhusu harusi ya Wayua, na hakuna aliyetaka kuondoka mapema.