Dada Mfumo na mashine mbili zinazosubiriana

Ni asubuhi, na chumba cha mitambo cha hospitali hii kina baridi ya kukufanya ujikunyate. Mwanamke aliyejifunga mtandio mabegani anachomoa waya wa umeme wa mashine kubwa, kwa makusudi, kisha anashika kiuno na kukodolea skrini macho. Mashine ya pili inapokea kazi. Huko nje, dirisha la dawa linaendelea kuhudumia watu bila habari.

"Siku hizi naiua mwenyewe," anasema, "nione kama mwenzake yuko macho."

Wauguzi humwita Dada Mfumo. Ndiye mtunzaji wa hifadhidata, ghala la kompyuta lenye kumbukumbu za kila mgonjwa: anaumwa nini, anatumia dawa gani, ipi inamdhuru.

Mwaka jana ghala hilo lilitegemea mashine moja tu, nayo siku moja ikazimika katikati ya kazi. Dada Mfumo alihangaika mpaka akapata mashine nyingine na kuirudishia nakala iliyohifadhiwa siku iliyotangulia. Mfumo ukawaka, korido nzima ikapiga makofi.

Lakini yaliyoandikwa asubuhi hiyo hayakuwemo. Miongoni mwake kulikuwa na onyo la daktari kuhusu mama mmoja mshonaji: asichomwe sindano fulani, mwili wake unaikataa. Mchana, muuguzi wa zamu alifungua jina lake, hakuona onyo lolote, akamchoma. Jioni mshonaji akafariki.

Baada ya mazishi, mumewe alibisha hodi chumba cha mitambo.

"Dada, nasikia maandishi ya wagonjwa unayatunza wewe. Ya mke wangu yalikwenda wapi?"

"Yalikuwa kwenye mashine iliyokufa, kaka. Nakala yetu ilikuwa ya jana yake."

"Kwa hiyo hayapo popote?"

"Hayapo."

Mwanamume yule aliketi sakafuni. "Nikaketi naye hapo chini," anasimulia Dada Mfumo.

Hospitali iliponunua mashine ya pili, ilibidi achague zitakavyoshirikiana. Njia moja ni nyepesi: mashine kuu inaandika, mwenzake anafuata nyuma kidogo. Kuu ikianguka ghafla, maneno ya mwisho yanapotea. Njia nyingine ni nzito: hakuna neno linalokubaliwa mpaka zote mbili ziwe zimeliandika, hivyo kila andiko huchelewa.

Mganga mkuu alitaka nyepesi. "Foleni itafika getini. Watu watatutukana."

"Watutukane, daktari. Yule baba akirudi, mimi nitamwambia nini?"

Mganga mkuu akakubali. Foleni imerefuka kweli, na matusi Dada Mfumo anakutana nayo hadi kwenye ngazi. Usingizi nao umemkimbia. Simu ikilia nyumbani, mumewe humtazama usoni kwanza kabla hajauliza kuna nini.

Na bado hajatulia, kwani mashine zote mbili ziko chumba kimoja. Moto ukizuka, zitateketea pamoja. Ameomba ya tatu, ikae kwenye chumba kilicho nyuma ya jengo la kufulia mashuka. Hajajibiwa.

"Chumba nimeshakifagia," anasema. "Mashine ndiyo bado."