Mastula na Neno la Huruma

Mwaka sabini na tisa, vita vilipokaribia Jinja, Mastula alirukia lori la watu waliokuwa wanakimbilia Mbale. Lori likapinduka, likamlalia mguu, mguu ukakatwa. Toka hapo soko zima la Nakaloke, karibu na Mbale, linamwita Kiwete, naye anaitika huku anakupimia maharage. Ila ukilitia jina hilo dharau, atakutukana mpaka usahau ulichokuja kununua.

Sasa vita vimepoa, na kijiji kinachagua mtu wa kugawa sukari na sabuni za serikali. Mastula akajitokeza. Siku zote viwete na vipofu walikuwa wanapewa mwisho kabisa, na huko mwisho huwa hakuna kitu. Hilo ndilo alitaka kulimaliza.

Kura yenyewe ilikuwa ya kupanga mstari: mgombea anasimama mbele bila kugeuka, wanaomtaka wanajipanga nyuma yake. Mpinzani wake Wanzala, fundi baiskeli, akaanza.

"We Kiwete! Sukari utaikimbiza na mguu gani?"

"Na huu uliobaki. Wewe unayo miwili, na siku ya vita uliitumia kumkimbia mama yako!"

Watu wakaangua kicheko, Wanzala mwenyewe akacheka. Lakini Yekosofati, mkubwa aliyetumwa kutoka mjini Mbale kusimamia kura, hakucheka.

"Hapana! Kiwete ni tusi. Huyu mama ni mtu asiyejiweza. Mleteeni kiti apumzike, tumwonee huruma. Mambo ya kura tumwachie mwenye nguvu."

Damu ikampanda Mastula kichwani. Kiwete ni mguu tu. Hili neno lingine, asiyejiweza, lilikuwa linamfagia yeye mzima, na biashara yake, na ulimi wake.

"Bwana mkubwa, watoto wangu nalea na hii mguu moja. Nani alikuambia sijiwezi?"

Nasur, kipofu anayekaa mlangoni mwa msikiti, akamnong'oneza kwa sauti ambayo kila mtu alisikia. "Dada, nyamaza! Hiyo neno ndiyo inatuletea blanketi za msaada."

"Na sukari je, Nasur? Imekuletea?"

Nasur akapapasa fimbo yake, akainuka.

Kiti kikafika. Mastula akakivuta, akakaa, akalaza magongo mapajani.

"Kiti nachukua, bwana. Hiyo neno yako rudi nayo Mbale. Utaniita kwa jina, mgombea kama Wanzala, ama leo hapa hakuna kura."

"Hakuna kura!" akadakia muuza nyanya mmoja, na wenzake wakapokea.

Yekosofati akaangalia huku na huku, akakohoa. "Haya. Watu wa Mastula, huku."

Fimbo ya Nasur ndiyo ilitangulia kugonga nyuma ya kiti. Mastula akasikia miguu inafuata, mingi. Akakigeuza kiti.

"Mgombea anaangalia mbele," Yekosofati akalalamika.

"Mimi naangalia watu wangu."

Mstari wa Wanzala uliishia kwenye duka la chumvi. Wa Mastula ulipita hapo, ukakata kona, mwisho wake hauonekani.

"Haya bwana," Mastula akasema, "hesabu."