Bi Wahiba na Sufuria la Harusi

Mtaani kwetu Mtoni, mtu akitaka biriani ya harusi humwita Bi Wahiba, mama yangu. Msinibishie. Hata wenye maneno yao huomba sahani ya pili.

Basi mama huyo mwaka mzima alikuwa anatoka damu chooni, sie anatuambia bawasiri. Anakunywa habasoda, anakalia maji ya moto. Kwetu mwanamke presha atakutajia, sukari atakutajia, ila ugonjwa wa huko nyuma yuko radhi afe nao. Alipoanguka jikoni ndipo nilipomkokota hospitali. Kumbe ni saratani ya utumbo mpana, chini kabisa. Daktari akasema watakata kipande chenye uvimbe, njia ya chini wataifunga, na choo kitatokea tumboni, kwenye mfuko wa kubandika, maisha yake yote.

Mama akagoma. "Salsabil, nani atakula chakula cha mtu aliyebeba choo? Bora nife mpishi."

Wallahi, nilimpandishia sauti mama yangu mzazi. "Kwani sie wengine choo chetu tunakibeba wapi?"

Daktari akainamisha kichwa, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mama akanikata jicho, kisha akaguna, akakubali.

Akapasuliwa, akapona. Mfuko akajifunza kuubadilisha mwenyewe, msafi kuliko sie wote. Lakini harusi zikapita, hakuna aliyemwita. Eti wanamwonea huruma, apumzike. Huruma gani! Kinyaa tu. Mama akisikia harufu ya biriani ya jirani anaingia ndani na kufunga mlango, na mie roho inaniuma.

Ndipo Mzee Thuwaini, mwenye duka la vitambaa, akaja mwenyewe. "Bi Wahiba, mwanangu Mazin haoi bila mkono wako." Siku ya harusi mama alikuwa wa kwanza kufika uani kwao.

Tunamenya vitunguu, Bi Khulud, shangazi wa bwana harusi, akasema kwa sauti, "Mie hiyo biriani siigusi. Mpishi ana mfuko wa choo."

Nikanyanyua mwiko, nimtie adabu. Mama akanishika mkono.

"Ninao, Khulud," akasema. "Bila huo mngeshanizika. Nimeubadilisha, nimeoga, nimenawa kwa sabuni. Haya, nyie wengine mlionawa nyoosheni mikono."

Wanawake wakacheka mpaka wakakimbilia bombani. Bi Khulud akaondoka kanuna. Biriani ikaliwa, masinia yakarudi meupe, na mie nikawa napita kati ya wageni kifua mbele: huyo ni mama yangu, jamani!

Tunaosha vyombo, Bi Khulud akarudi, ushungi kauvuta usoni. Nikajiweka tayari kwa raundi ya pili. Akanipita, akamwinamia mama.

"Wahiba," akasema polepole, "hiyo damu yako... ilianzaje?"

Mama akajifuta mikono, akamwingiza chumbani, akapandisha gauni lake mwenyewe mpaka mfuko ukaonekana.

"Tazama vizuri," akamwambia. "Ukizoea kuuona, hutaogopa kwenda hospitali. Kesho nakupeleka mwenyewe."